Kabla ya Kuvuka Mutukula: Mwongozo kwa Wanafunzi Wanaokwenda Kutembelea Makao ya Watoto Wanayoyachangia

Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi wa sekondari wa Uganda, pamoja na walimu na wazazi wao, ambao kwa mihula kadhaa wamekuwa wakichanga fedha kidogo kidogo kuyasaidia makao ya watoto yaliyo nje ya nchi, na sasa wamefikia uamuzi wa kwenda kuyaona. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika upande wa Masaka. Chama cha Kiswahili cha shule yetu huyachangia makao ya watoto yaliyo Mwanza, ng'ambo ya Ziwa Viktoria, na nimekwisha kuwavusha wanafunzi mpaka wa Mutukula mara tatu kwenda huko. Katika safari ya kwanza tulipanga vizuri kila kilichohusu basi, chakula cha njiani na fulana za kundi, lakini kuhusu watoto wenyewe hatukupanga lolote zaidi ya katoni mbili za pipi. Mengi ninayoyaeleza hapa niliyajua kwa kukosea.

Waswahili husema "mgeni njoo, mwenyeji apone," na methali hii nimeifanya kuwa kipimo cha maandalizi yote. Kila mnapotaka kuamua jambo, jiulizeni kama litampa mwenyeji nafuu au litamwongezea mzigo. Makao ya watoto si mahali pa kutalii. Ni nyumbani kwa watu, na watu hao wana saa zao za kufua, kupika, kusali, kusoma na kulala, ambazo zilikuwapo kabla ya mchango wenu na zitaendelea baada ya basi lenu kuondoka.

Hatua ya kwanza: waulizeni wenyeji kama wanataka wageni

Anzeni muhula mzima kabla ya safari, na jambo la kwanza liwe barua kwa mkuu wa makao. Iandikwe kwa namna inayompa nafasi ya kukataa bila kuona haya, kwa sababu anayepokea msaada hupata tabu sana kumwambia anayemsaidia kwamba ziara yake haifai. Sisi huandika hivi: "Tungependa kujua kama ziara ya wanafunzi 18 kwa siku mbili itawafaa watoto na walezi. Ikiwa haitafaa, mchango wetu wa kila muhula utaendelea kama kawaida." Sentensi ya pili msiiache hata mkidhani kwamba inaeleweka yenyewe. Bila hiyo, mkuu wa makao atasoma barua yenu kama sharti.

Katika barua hiyo hiyo, ulizeni mambo ambayo pengine mlipaswa kuyauliza kabla ya kutuma shilingi ya kwanza. Nchini Tanzania makao ya watoto huendeshwa kwa leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na maofisa ustawi wa jamii ndio wenye jukumu la kufuatilia hali ya watoto waliomo. Kwa hiyo ni haki kuuliza kama leseni ipo na kama afisa ustawi wa jamii amejulishwa kuhusu ujio wenu. Ulizeni pia ni juhudi gani zinazofanywa kuwarudisha watoto kwa ndugu zao. Katika makao mengi duniani, watoto walio wengi wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na kilichowatenga naye mara nyingi ni umaskini, ugonjwa au ugomvi wa nyumbani. Mwezi Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio linalozitaka nchi zisaidie familia ziweze kulea watoto wao badala ya kuwajaza katika taasisi, na humo humo likatahadharisha kuhusu madhara ya utalii na kujitolea katika makao ya yatima. Mkuu wa makao anayefanya kazi yake kwa uadilifu hatachukizwa na swali hili. Wa kwetu alijibu kwa ukurasa mzima, akieleza jinsi mlezi mmoja anavyotumia sehemu kubwa ya wiki yake kuwatafuta mashangazi na mababu vijijini.

Kuna majibu ambayo yakija, mimi nitaahirisha safari. Nitaahirisha nikiambiwa kwamba wageni wanaruhusiwa kulala bweni moja na watoto, au kwamba wanaweza kumchukua mtoto yeyote wakatembee naye mjini. Nitaahirisha pia nikiona kwamba kila swali kuhusu watoto linajibiwa kwa ombi la fedha. Penye urahisi wa namna hiyo kwa mgeni mwema, pana urahisi ule ule kwa mgeni mbaya.

Fanyeni pia hesabu ya safari mbele ya wazazi, bila kuficha. Tuseme wanafunzi 18 wanakwenda, na kila mmoja anatumia shilingi 350,000 kwa nauli, malazi na chakula; jumla ni shilingi 6,300,000. Ikiwa chama chenu hukusanya shilingi 2,000,000 kwa mwaka, safari hiyo moja inazidi mchango wa miaka mitatu. Hesabu hii hailazimishi kuifuta safari, kwa maana kuna mambo ambayo mtu hayaelewi mpaka ayaone, lakini inaweka sharti moja ambalo mimi silegezi: nauli ilipwe na wanaosafiri, na fedha zilizochangwa kwa ajili ya watoto zisiguswe hata kwa kununulia maji ya njiani.

Hatua ya pili: chagueni tarehe kwa kalenda yao

Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kupanga safari kwa kuangalia likizo zetu tu. Mwaka wa shule wa Uganda una mihula mitatu, nasi hufunga mwezi Mei, kisha mwishoni mwa Agosti, kisha Desemba. Tanzania mwaka wa shule una mihula miwili, na likizo yao ya katikati ya mwaka huangukia Juni. Maana yake ni kwamba mkienda Mei mtawakuta watoto wakiwa shuleni asubuhi hadi alasiri, na si halali kuomba wabakizwe nyumbani kwa ajili yenu. Mwezi Desemba kalenda zetu hukutana, lakini ndio wakati ambao makao mengine huwapeleka watoto kwa ndugu zao, na hatupaswi kuzuia hilo hata kama tutakuta nusu ya vitanda ni vitupu.

Mwacheni mkuu wa makao ataje siku na saa. Akisema Jumamosi alasiri, nendeni Jumamosi alasiri, na muda uliobaki mtapata la kufanya mjini Mwanza. Saa tatu kwa siku zinatosha kabisa. Kundi linalokaa kutwa nzima huwafanya walezi washindwe kupika.

Hatua ya tatu: hati, ruhusa na afya

Wanafunzi wengi wamesikia kwamba raia wa Uganda anaweza kwenda Kenya au Rwanda kwa kitambulisho cha taifa tu, wakadhani ndivyo ilivyo kwa Tanzania. Tanzania haimo katika mpango huo. Viza haihitajiki kwa raia wa Uganda, lakini pasipoti inahitajika, na kwa kuwa wanafunzi wengi hawajawahi kuwa nayo, maombi yaanze mapema kuliko jambo jingine lolote la karatasi. Kila aliye chini ya miaka 18 awe na barua ya ruhusa iliyotiwa saini na mzazi au mlezi wake, ikiwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi huyo na muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji chao. Shule nayo iwe na barua kutoka ofisi ya elimu ya wilaya. Walimu na watu wazima wote wanaoambatana na kundi waombe hati ya tabia njema kutoka polisi, kitengo cha Interpol, hata kama makao hayakuidai. Mwalimu anayekerwa na ombi hilo aelezwe kwa upole kwamba watoto anaokwenda kuwaona hawamjui.

Jambo moja la uhamiaji linasahaulika: anayeingia kama mgeni haruhusiwi kufanya kazi, hata ya kujitolea bila malipo. Kwa hiyo msijieleze mpakani kwamba mnakwenda kufundisha au kujenga. Mnakwenda kutembelea, na iwe kweli kwamba mnakwenda kutembelea.

Kuhusu afya, chanjo ya homa ya manjano ni ya lazima kwa msafiri anayetoka Uganda kuingia Tanzania, na kadi yake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Aliyekwisha kuchanjwa hahitaji kurudia, kwani tangu 2016 cheti hicho hutambuliwa kwa maisha yote. Msishangae mkipimwa joto la mwili mpakani. Uganda ilipata milipuko ya Ebola mwaka 2022 na 2025, na mkoa wa Kagera, ambao ndio mtakaoupita, ulipata Marburg mwaka 2023 na 2025, kwa hiyo maofisa wa pande zote mbili wana sababu ya kuwa makini. Malaria ipo huku na kule. Kila mmoja achukue chandarua. Ziwa linavutia, lakini lina kichocho, na mimi simruhusu mwanafunzi kuogelea ufukweni. Mwenye kikohozi, homa, tetekuwanga au macho mekundu siku ya ziara abaki kwenye nyumba ya wageni pamoja na mwalimu mmoja. Makao ambamo watoto hulala vitanda vya juu na chini, kumi chumba kimoja, huambukizwa yote kwa mgonjwa mmoja.

Hatua ya nne: ufundisheni ulimi adabu

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko penginepo, na sioni haya kusema kwamba ndiyo hatua ninayoipenda. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa mujibu wa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, lakini kwa miaka mingi watu wetu wengi walikisikia kutoka mdomoni mwa askari kwenye kizuizi cha barabarani, na kikabaki masikioni mwao kuwa lugha ya amri. Wanafunzi wetu wamekirithi hivyo bila kujua. Wanajua kuamuru kabla ya kujua kuomba.

Katika safari ya kwanza mwanafunzi wangu mmoja wa S3, yaani kidato cha tatu, kijana mpole ambaye nyumbani kwao huwabeba wadogo zake mgongoni, alimwona mtoto wa miaka kama sita amesimama peke yake karibu na tangi la maji. Akataka kumpa mpira. Akamwita, "Wewe, kuja hapa!" Mtoto alisimama wima, mikono akaibana ubavuni, akatazama chini. Alidhani amefanya kosa. Mpira ulikuwa mkononi mwa kijana wetu, na hakujua afanye nini nao, mpaka mlezi mmoja alipopita akasema taratibu, "Njoo, baba, kaka anakuita mcheze." Ndipo mtoto akasogea. Yule kijana hakuongea tena mpaka jioni.

Tangu siku ile, kwa wiki sita kabla ya safari tunafanya mazoezi wawili wawili. "Kuja" inageuzwa kuwa "njoo," na "leta maji" inageuzwa kuwa "naomba maji, tafadhali." "Wewe" ya kumwitia mtu inaondolewa kabisa, badala yake tunatumia jina, au mdogo wangu, kaka, dada, mama, kulingana na umri. Wanafunzi wajifunze kumwamkia kila mtu mzima kwa "shikamoo," na jambo ambalo huwapata wengi bila kutarajia ni kwamba watoto wa makao nao watawaamkia wao hivyo hivyo. Kijana wa miaka 17 ambaye hajawahi kupewa shikamoo maishani mwake hubaki akitabasamu tu, na mtoto hubaki akisubiri. Ajibu "marahaba," kisha aulize hali. "Mambo" na "vipi" ziwe za vijana wa rika lao, zisiwafikie walezi. Wasichana wanaotoka nyumba za Kiganda ambamo wamezoea kupiga magoti wakiamkia wasione haya kufanya hivyo. Wasukuma nao wana heshima zao za kuinama kidogo kwa mkubwa, na hakuna atakayewacheka.

Kuna maneno machache ya kawaida ambayo hubadilika maana yakivuka mpaka. Huku tukisema posho tuna maana ya ugali. Kule posho ni fedha anayolipwa mtumishi akiwa safarini au kikaoni, na mwanafunzi anayeomba posho wakati wa chakula atawashangaza wenyeji wake. Mukene wanaita dagaa. Taksi ya kwetu, lile gari la abiria kumi na wanne, kule ni daladala. Na mwalimu wa kike haitwi madamu, huitwa mwalimu tu.

Zaidi ya maneno, kuna maswali ya kuyaacha nyumbani. Mtoto asiulizwe wazazi wake wako wapi, amefikaje hapo, wala kama anawakumbuka wa kwao. Asiitwe yatima, kwa kuwa huenda si kweli, na hata ikiwa kweli si jina lake. Siku moja darasani niliwaomba wanafunzi wangu waandike tukio la uchungu kuliko yote katika maisha yao, kisha nikawaambia wafikirie kwamba mgeni waliyemjua kwa dakika tano anawaomba wamsimulie tukio hilo mbele ya wenzao. Waliyakunja makaratasi yao wenyewe, sikuyakusanya, na hilo la maswali sijalazimika kulirudia kwa kundi lile. Mtoto aulizwe anapenda mchezo gani, somo gani, wimbo gani. Akitaka mwenyewe kueleza habari zake, asikilizwe, na habari hizo zisisimuliwe kwenye basi.

Hatua ya tano: kanuni za kuwalinda watoto

Kanuni hizi ziandikwe kwenye karatasi moja, zisomwe kwa sauti mbele ya wazazi, na kila msafiri azitie saini. Hakuna mgeni atakayekaa peke yake na mtoto mahali pasipoonekana na wengine. Hakuna atakayeingia bwenini wala bafuni. Namba za simu hazibadilishwi na watoto, wala majina ya akaunti za mitandao. Salamu za baadaye zitapitia ofisi ya makao. Hakuna kumbeba mtoto mkubwa wala kumpakata. Mdogo akikimbilia mkono wa mgeni, mgeni aushike mkono huo kwa wema na ampeleke kwa mlezi wake wacheze wote. Mtoto anayemng'ang'ania asiyemjua tangu dakika ya kwanza, akalia anapoondoka, mara nyingi ni yule aliyekwisha kuachwa na wengi waliomchekea alasiri moja, na wanafunzi wakielezwa hilo mapema hawalichukui tena kuwa sifa kwao.

Picha ndizo huleta ubishi, kwa sababu kila mwanafunzi ana simu na kila mmoja anataka kuonyesha alikokwenda. Msimamo wetu ni kwamba simu zote hukusanywa kwenye mfuko mmoja getini, na mwalimu mmoja pekee hubaki na kamera kwa kibali cha maandishi cha mkuu wa makao. Hupigwa picha za mikono inayochambua maharagwe, za migongo ya wachezaji, za bustani. Hazipigwi nyuso, wala sare ya shule yenye jina, wala kibao cha makao. Baadhi ya watoto wamewekwa pale kwa kuwa kuna mtu mzima aliyewadhuru ambaye hadi leo anawatafuta, na picha moja ya kumfurahisha rafiki wa Kampala inaweza kumwonyesha mtu huyo mahali pa kwenda.

Na iwapo mwanafunzi ataona au kusikia jambo linalomtia shaka kuhusu usalama wa mtoto, asichunguze mwenyewe. Amweleze mwalimu siku hiyo hiyo, naye mwalimu amweleze mkuu wa makao au afisa ustawi wa jamii. Namba ya simu ya kusaidia watoto ni 116, na ni hiyo hiyo Uganda na Tanzania, hupigwa bure. Wanafunzi waikariri.

Hatua ya sita: zawadi

Ulizeni kinachohitajika, kisha leteni hicho. Shule moja iliyotutangulia katika makao yale ilipeleka masanduku manne ya vitabu vya kiada vya Uganda, vizuri na vipya, vyote vya Kiingereza. Shule za msingi za serikali Tanzania hufundisha kwa Kiswahili. Nilivikuta vimepangwa stoo, vikiegemeza mlango wa kabati usifunguke wenyewe. Walezi hawakutaka kuvitupa kwa heshima ya waliovileta, na hawakuwa na mahali pengine pa kuviweka.

Kwa ujumla vitu vinunuliwe Mwanza badala ya kubebwa kutoka huku, kwani hupunguza maswali ya forodha na huacha fedha kwa wauza duka wa kule. Badilisheni fedha katika duka la kubadilishia lenye leseni, kwa sababu malipo hufanywa kwa shilingi ya Tanzania. Zawadi zote akabidhiwe mkuu wa makao, kwa orodha yenye saini za pande mbili, naye aamue zigawiwe lini. Mgeni asimpe mtoto mmoja kitu mkononi hata kikiwa kalamu. Mchango wa fedha upitie akaunti ya makao, na risiti irudi shuleni.

Pipi zile za safari ya kwanza? Ziliwapigisha watoto foleni juani, wakubwa wakiwasukuma wadogo, na makaratasi yake yaliokotwa na watoto wenyewe baada ya sisi kuondoka.

Hatua ya saba: njiani

Safari ni ndefu lakini haina ugumu mkubwa: Masaka hadi Mutukula, kisha Bukoba, ambako ni vyema kulala, kisha Muleba, Geita na Sengerema. Zamani mlisubiri kivuko Busisi, pengine kwa saa kadhaa. Tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita 3 kutoka Busisi hadi Kigongo, na basi hupita kwa dakika chache. Mutukula ni kituo cha pamoja, yaani maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi katika jengo moja. Mwalimu mmoja ashike orodha ya majina na namba za pasipoti, nakala tatu. Kabla ya kufika hapo, kagueni mizigo muondoe kila kaveera: Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019, na wanafunzi wetu hufungia humo kila kitu, kuanzia viatu hadi karanga. Wachukue mifuko ya kitambaa.

Hatua ya nane: siku yenyewe

Ombeni mapema kwamba watoto wasiandaliwe kuwaimbia. Mtoto aliyekesha akikariri wimbo wa kumshukuru mgeni amefundishwa kwamba chakula chake kinatokana na kupendeza kwake, nami singependa mwanangu afundishwe hivyo. Utambulisho uwe mfupi, hotuba iwe moja, na fulana zenye jina la shule zivaliwe siku nyingine.

Kaeni kwanza na walezi, nusu saa nzima, kabla ya kwenda uwanjani. Ulizeni kazi yao ikoje usiku mtoto akiugua, ni nini huwa cha kwanza kupungua stoo, ni gharama gani ambayo wafadhili hawapendi kuilipa. Mlezi mmoja alitujibu kwamba ni mshahara wa mlinzi wa usiku: kila mfadhili anataka kununua kitu chenye kuonekana, na mlinzi haonekani. Tuliporudi, chama kilipiga kura mchango wa mihula yote miwili iliyofuata uwe wa mlinzi.

Baada ya hapo waachieni watoto uongozi. Wao ndio wanaojua sheria za mchezo wao wa uwanjani na mahali ambapo mpira hauruhusiwi kupigwa. Mkikuta wanachambua mchele, ombeni nafasi mkae nao mchambue. Saa ya kuondoka iliyotajwa ikifika, ondokeni, hata kama mchezo umenoga.

Kuhusu ahadi, kanuni yetu ni fupi: hakuna. Katika safari ya pili mwanafunzi mmoja alimwekea binti wa miaka kama minane karatasi chini ya mguu, akauchora kwa kalamu kuuzunguka, akamwambia atamletea viatu. Alikuwa na nia safi, na muhula ulipoanza akasahau. Mlezi alinipigia simu baada ya miezi mitano kuniuliza kwa staha kama kuna ujumbe wowote, kwa sababu mtoto alikuwa bado ana karatasi ile, ameikunja mara nne na kuiweka chini ya mto. Viatu vilikwenda wiki ile ile kupitia ofisi ya makao. Mguu ulikuwa umekwisha kuipita alama ya kalamu. Mtoto akiwauliza mtarudi lini, mwambieni kweli: "Sijui kama nitarudi. Nimefurahi kucheza nawe leo."

Hatua ya tisa: mkisharudi

Katika juma la kwanza wakutanisheni wasafiri wote bila wageni wengine, waseme waliyoyaona na yaliyowaumiza. Wengine hulia, na wengine hukasirika kwa kuona kwamba mchango wao ni mdogo mno; wote wasikilizwe. Taarifa kwa shule na wazazi isitaje jina la mtoto yeyote, na kabla ya kusomwa gwaride la Jumatatu ipelekwe kwa mkuu wa makao aipitie, afute asichokitaka.

Pamoja na taarifa hiyo tumeni swali moja kwa walezi: ni kitu gani tulichokifanya ambacho kundi lijalo lisikifanye? Msikubali jibu la "yote yalikuwa mazuri". Ulizeni tena kwa simu baada ya wiki mbili, uchovu ukiwa umepungua na hofu ya kuwaudhi pia. Tulipouliza mara ya pili baada ya safari ya tatu, mlezi mkubwa alicheka kidogo, akanyamaza, kisha akasema tusije tena saa nane, kwa sababu wadogo huwa wamelala, tuje saa tisa na nusu. Na kama hatutajali, tuje na pampu, maana mipira wanayo mitano na yote imeishiwa upepo. Yote mawili yameandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari la chama, chini ya tarehe ya safari ijayo.